Ramani ya kilima chetu inabaki ndani ya salle: semina za wahandisi ni za nani?

Siku mwanafunzi wa uhandisi anatetea TFC yake, salle inajaa. Mama ameleta maua, mashangazi wamevaa kitenge kipya, kasha la soda linangoja inje. Mwanafunzi anaonyesha ramani ukutani, anasoma kazi yake kwa Kifaransa, maprofesa wanauliza maswali, wanatoa pointi. Watu wanapiga vigelegele, wanapiga picha, kisha kila mutu anarudi kwake. Na mara nyingi ile ramani ya ukutani ilikuwa inaonyesha kilima ambacho wengi wa wale waliopiga vigelegele wanalala juu yake.

Katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Bukavu mpaka Goma, Uvira na Bunia, mashule makubwa yanafundisha ujenzi, umeme, maji na mambo ya udongo. Huko watu wanatetea kazi zao, na watafiti wa hapa ama wa inchi zingine wanakuja kueleza walichopata. Kutetea kazi ni jambo la wazi, mulango haufungwe. Lakini mukaaji wa kawaida haingie, isipokuwa kama ni sherehe ya mutoto wake. Swali letu leo ni hili: yale yanayosemwa mule ndani juu ya udongo wetu na maji yetu, yanatufikia wakati gani?

Mufano wa Funu

Tuchukue Funu, katika komine ya Kadutu, Bukavu. Wakaaji wa pale hawahitaji profesa kuwaambia kwamba udongo unatembea. Wanaona ukuta umepasuka, mulango haufungike tena, ngazi imeachana na nyumba. Wanaziba na simenti, mwaka unaofuata ufa unarudi.

Mwaka 2022, watafiti wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa inchi zingine na wa Université Officielle de Bukavu walitoa matokeo ya kazi yao juu ya Funu katika gazeti la sayansi Nature Geoscience. Walilinganisha picha za zamani zilizopigwa na ndege na picha za setilaiti za siku hizi. Walichoonyesha ni kwamba kilima hiki kinateremuka polepole tangu zamani, lakini kujaa kwa nyumba kumefanya kiongeze mwendo. Mabati, barabara, mifereji isiyokamilika na mabomba yanayovuja vimebadilisha njia ya maji ndani ya udongo.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri, juu linagusa mufuko wa kila mutu. Kuna aina mbili za udongo kuteremuka. Ya kwanza ni ile ya gafla: mvua kubwa inanyesha, ukingo uliochimbwa vibaya unaanguka, unafunika nyumba chini. Ukuta mzuri wa mawe, mufereji na miti vinaweza kusaidia hapo. Ya pili njo ya Funu: kilima kizima kinatembea kutoka ndani, chini sana kuliko musingi wa nyumba na mizizi ya muti. Hapo ukuta wa mawe unatembea pamoja na kilima. Mutu anaweza kuuza ngombe ajenge ukuta, na ukuta ukapasuka kama ule wa kwanza. Mwenye kukaa kwenye semina dakika arobaini angejua hiyo tofauti kabla ya kununua mawe.

Na maji je? Tufanye hesabu ndogo. Bukavu inapata mvua ya milimita 1300 hivi kwa mwaka, ama zaidi. Nyumba yenye mabati ya metre carré 50 inapokea litri elfu 65 kwa mwaka. Ni mapipa 325 ya litri 200. Kama hakuna mufereji, yale mapipa yote yanamwagika karibu na musingi, yanaingia ndani ya udongo, kwako ama kwa jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba zote za mutaa. Sasa inaonekana kwa nini wahandisi wanaongea juu ya mabati wakati sisi tunaongea juu ya laana na ukuta mubaya.

Goma ilitufunza

Mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya wasomi, tuyaache kwao. Basi tukumbuke Goma, mwezi wa tano 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mangaribi. Tarehe 27 asubuhi, gavana wa kijeshi aliamuru watu watoke katika kartiye 10 za muji. Walitoka watu laki nyingi, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu na Minova. Moja ya mambo yaliyotajwa asubuhi ile ilikuwa hatari ya gesi ya ziwa.

Gesi ya Ziwa Kivu haikuwa siri. Wataalamu wanaijua tangu miaka mingi: ziwa lina kina cha karibu mita 480, na ndani yake kuna gesi kaboniki karibu kilomita mchemraba 300 na metani karibu 60. Inakaa imeyeyuka chini kwa sababu ya uzito wa maji, kama vile gesi inakaa ndani ya chupa ya soda mpaka unafungua kizibo. Upande wa Rwanda, wahandisi wanapandisha maji ya chini, gesi inatoka yenyewe, wanaitumia kutengeneza umeme: kituo cha KivuWatt kinatoa megawati 26 tangu 2016. Na kule Kamerun, mwaka 1986, gesi ya Ziwa Nyos ilitoka gafla usiku ikaua watu karibu 1700.

Semina nyingi zimefanywa juu ya mambo haya. Lakini asubuhi ile barabarani, mama mwenye watoto wane na godoro kichwani alikuwa anasikia neno gesi kwa mara ya kwanza. Mutu anayekimbia jambo ambalo hajawahi kuelezwa anaamini kila uongo wa WhatsApp.

Kwa nini haitoke inje

Sababu ya kwanza ni luga. Kazi inaandikwa kwa Kifaransa ama Kiingereza, na hakuna mwenye kazi ya kuileta katika Kiswahili cha mutaa. Ya pili ni makuta. Mwanafunzi amelipa kuchapisha, amelipa karamu, hana tena kitu cha kuzunguka komine kuonyesha ramani. TFC inalala kwenye rafu ya maktaba. Ya tatu ni woga. Ramani yenye rangi nyekundu inaharibu bei ya parseli, na kuna watu wanaokula kwenye parseli hizo, hata zile zisizofaa kuuzwa. Mutafiti kijana anajua hilo, ananyamaza.

Kuna pia sababu nzuri ya kwenda polepole. Semina ni fasi ya kupima kazi mbele ya wenzako. Mara zingine kazi inaanguka. TFC moja ya mwanafunzi haitoshi kuhamisha avenyu nzima. Sisi waandishi tukikimbia na neno moja kwenye maikro, tunaweza kuleta hofu bure. Lakini kupima jambo vizuri na kuficha jambo ni vitu viwili.

Na wasomi nao wanapoteza. Setilaiti inaona kilima kimesogea, lakini haione bomba linalovuja chini ya choo cha mutu. Fundi anayechimba mashimo ya vyoo Funu anajua ni fasi gani maji yanatokea mwezi wa nne. Mama anayeuza makala kando ya mufereji anajua ni siku gani uliziba. Fundi huyo akikaa kwenye ile salle, profesa atatoka na kitu kwenye daftari yake.

Maswali matatu ya kupeleka

Vita vimerudisha nyuma mambo mengi kwetu, masomo nayo yameumia. Lakini kilima hakingoji vita viishe, na mvua ya mwezi wa tisa inarudi kila mwaka. Mwezi wa tano 2023 maji na matope yaliua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, Kalehe. Hatuwezi tena kusema hatukujua kwamba milima yetu inaua.

Kama kuna mutoto wa jamaa anayetetea kazi juu ya udongo, maji ama ujenzi, tusiende na maua tu. Twende na maswali matatu. Moja: ni avenyu gani hasa, na unajuaje? Mbili: mutu asiye na makuta mengi anaweza kufanya nini kabla ya mvua? Tatu: chefu wa kartiye na komine wamepewa nakala ya hii kazi?

Swali la tatu njo zito. Kuhamisha watu, kujenga mifereji na kukataza kuuza parseli mbaya ni kazi ya serkali, si ya mwanafunzi. Lakini serkali isiyopewa nakala itasema haikuambiwa. Na ile iliyopewa nakala mbele ya mashahidi, tena mbele ya maikro ya redio, itatafuta maneno mengine.

Sisi wa redio pia tuna deni hapo. Tumezoea kuenda siku ya mazishi. Tuanze kuenda siku ya kutetea kazi.