Kilima hakina kosa, tusafishe rejeta

Mechi ikiisha Mkwakwani, shabiki wa Lushoto bado ana dakika za nyongeza: zile kona za kutoka Mombo hadi Soni. Msimu uliopita tulizicheza usiku, tumebanana kwenye Land Rover ya zamani. Kabla ya Soni mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafumuka kwenye boneti. Tukasimama kwenye kona, korongo upande mmoja, malori yanashuka upande wa pili, na tuna watoto.

"Kilima kikali, wanangu," akasema mzee dereva, huku akituma vijana wateke maji mtoni.

Shikamoo mzee, lakini kilima hakina kosa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda takriban mita 1,000. Gari zito, gia ndogo, mwendo wa polepole, upepo kidogo. Hapo ndipo rejeta inatakiwa icheze dakika zote 90. Kama mirija yake imeziba kwa kutu na tope, maji yatapita wapi? Na tope lenyewe tunalitia sisi, dumu kwa dumu, kila tunapochota mtoni.

Mafundi wengi dawa yao ni kung'oa themostati. Hiyo ni sawa na kumfukuza kocha wakati wachezaji hawajalipwa mishahara. Uchafu bado umo ndani.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Injini iwe baridi kabisa. Ukifungua kifuniko cha moto utababuka uso. Mwaga maji ya rejeta na ya kwenye bloku, yasiingie mtoni wala mbuzi wasiyanywe, maana kulanti ni sumu. Fungua koki ya hita, toa themostati, kisha ingiza mpira wa maji kwenye tundu la chini la rejeta ili uchafu usukumwe kinyume na ulivyoingia. Bloku nayo vivyo hivyo, mpaka maji yatoke meupe. Rudisha themostati, jaza kulanti, washa injini, hewa itoke, ongeza tena.

Kifuniko kilicholegea kibadilishwe. Kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema, na huku Lushoto maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100.

Kila safari tunachangishana jezi, ngoma na mavuvuzela. Sijawahi kusikia mchango wa rejeta. Napendekeza kiongozi wa msafara afungue kifuniko asubuhi, injini ikiwa baridi. Akikuta maji rangi ya chai ya maziwa, hakuna kupanda.

Usiku ule tulifika saa tisa, salama. Mzee tunampenda, na mechi ijayo tutapanda naye tena. Ila mimi mchango wangu wa kwanza ni wa rejeta. Nani yuko na mimi?