Ada na Wodi: Kuchagua Chuo cha Udaktari India

Shahada ya kwanza ya udaktari nchini India, MBBS, huchukua miaka 5 na nusu: miaka 4 na nusu ya masomo, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Muda ni huo kwa kila chuo, mtaala wa msingi ni mmoja, na cheti kinachotolewa mwishoni humpa kila mhitimu haki ileile ya kutibu. Kinachotofautiana ni bei. Katika AIIMS ya Delhi, chuo cha serikali kuu kilichoanzishwa mwaka 1956, ada ya masomo kwa kozi nzima haifiki rupia 10,000. Vyuo vya serikali za majimbo hutoza kuanzia rupia elfu kumi na kitu kwa mwaka hadi laki moja na zaidi. Kwa upande wa binafsi, hasa vyuo vyenye hadhi ya chuo kikuu, ada ya zaidi ya rupia milioni 2 kwa mwaka ni jambo la kawaida. Ukijumlisha bweni na chakula, mzazi hutumia zaidi ya rupia milioni 10 kabla mwanawe hajaandika dawa ya kwanza.

Mlango wa kuingilia ni mmoja, mtihani wa taifa uitwao NEET, wenye maswali 180 na alama 720. Mwaka 2024 waliufanya watu wapatao milioni 2.3, wakigombea nafasi zipatazo 110,000, na karibu nusu ya nafasi hizo zilikuwa katika vyuo vya serikali. Mwaka huohuo zaidi ya watahiniwa milioni 1.3 walihesabiwa kuwa wamefaulu. Hapo ndipo fedha inapopata nguvu yake. Kufaulu NEET hakumpi mtu kiti. Humpa ruhusa tu ya kukigombea. Mwenye alama za juu huchukua kiti cha serikali. Anayefuata, ambaye amezidiwa kwa alama chache, hupewa kiti cha binafsi ambacho wazazi wake hawawezi kukilipia, akakiacha. Kiti kile hushuka orodha, hatua kwa hatua, hadi kimfikie mtu aliyeko chini sana lakini mwenye uwezo wa kulipa. Yote hayo hufanyika kihalali. Anayesema kuwa mtihani mmoja umeondoa nguvu ya pesa katika udaktari wa India anatazama mlango tu, hatazami kilichoko ndani.

Mfumo huu una historia yake. Chuo cha kwanza cha binafsi kilichojiendesha kwa ada za wanafunzi ni Kasturba Medical College cha Manipal, kilichoanzishwa mwaka 1953 na T.M.A. Pai katika pwani ya Karnataka. Kilifanikiwa, na wengi wakaiga. Kufikia miaka ya 1980 malipo makubwa ya kununulia nafasi, nje ya ada iliyotangazwa, yalikuwa yamezoeleka kiasi kwamba jimbo la Karnataka lilitunga sheria ya kuyapiga marufuku mwaka 1984. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya mwanafunzi kutoka Uttar Pradesh aliyetakiwa kulipa rupia 60,000 kwa mwaka katika chuo cha binafsi cha Karnataka, ilhali wenye viti vya serikali katika vyuo vya aina hiyo walilipa 2,000. Mahakama ikasema malipo ya namna hiyo yanakiuka haki ya elimu. Mwaka uliofuata ikaweka utaratibu wa kugawa viti kati ya vya bei nafuu na vya kulipia. Mwaka 2002 utaratibu huo ukaondolewa: vyuo vya binafsi vikapewa uhuru wa kupanga ada, mradi visifanye biashara ya faida. Mwaka 2005 ikaruhusiwa hadi asilimia 15 ya viti itengwe kwa Wahindi waishio ng'ambo, na hivyo ndivyo viti vya bei ya juu kuliko vyote. Tume ya Taifa ya Tiba, iliyochukua nafasi ya Baraza la Tiba la India mwaka 2020, ilielekeza Februari 2022 kwamba nusu ya viti vya binafsi vitozwe ada sawa na vya serikali katika jimbo husika. Agizo hilo limeandamwa na kesi, na kwa familia nyingi bado halijabadilisha kiasi kinachoandikwa kwenye hati ya malipo.

Ikiwa bei hupanda hivyo, mtu angetarajia mafunzo nayo yapande. Hayapandi. Udaktari hujifunzwa kwa mgonjwa. Anatomia inaweza kusomwa kitabuni na kwenye meza ya maiti, lakini kusikiliza moyo wenye kasoro, kupapasa ini lililovimba, kumzalisha mama usiku mtoto akiwa amekaa vibaya, kutambua kwa macho mtoto anayeishiwa maji, haya huingia mikononi kwa kurudiwarudiwa. Anayewaona wagonjwa 30 kwa siku kwa mwaka mzima na anayewaona 3 wanatoka na cheti kimoja, lakini hawatoki wakiwa madaktari sawa.

Kwa kipimo hicho, hospitali kongwe za serikali zina utajiri ambao hakuna jengo la vioo linaloweza kuununua. Vyuo vya tiba vya Kolkata na Madras vilianzishwa mwaka 1835, Grant cha Mumbai mwaka 1845. Chuo cha Seth G.S. cha Mumbai, cha mwaka 1926, kimeungana na hospitali ya KEM yenye vitanda zaidi ya 1,800. Wagonjwa wake ni maskini wa jiji zima na wa vijiji vya mbali, na wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Hali hiyo ni msiba kwa mgonjwa, na wanaoisifu kama neema ya wanafunzi husahau upande wa pili. Hata hivyo ni kweli kwamba mtarajali wa hapo huona kifua kikuu cha kila aina, malaria, majeraha ya treni, sumu ya nyoka na uzazi wa hatari, na hufanya kazi kwa mikono yake kwa sababu walio juu yake wamezidiwa. Gharama yake ni uchovu, malazi mabovu na saa nyingi za kazi ambazo si mafunzo bali ni kubeba sampuli za damu na kusukuma machela.

Chuo cha binafsi kinachotoza wagonjwa hujikuta katika mkwamo wa aina nyingine. Mwenye fedha akija kutibiwa hataki kupapaswa na wanafunzi 10. Asiye na fedha hawezi kuja. Wodi hubaki nusu tupu. Kanuni za Tume ya Taifa ya Tiba za mwaka 2023 zinataka chuo kinachodahili wanafunzi 100 kwa mwaka kiwe na vitanda 420, na chenye wanafunzi 250 kiwe na vitanda 900, na vitanda hivyo viwe na wagonjwa kwa wastani wa asilimia 80. Palipo na masharti na hakuna wagonjwa, hongo hupata nafasi. India imepata kujua walimu hewa, yaani maprofesa walioandikwa kwenye orodha lakini huonekana siku ya ukaguzi tu, na wagonjwa hewa, watu wa kijijini waliolipwa kulala kitandani wakaguzi wapite. Katikati ya mwaka 2025 ofisi ya upelelezi ya serikali kuu ilifungua kesi dhidi ya watu zaidi ya 30, wakiwemo maofisa na watu wa vyuo, kwa tuhuma za kuvujisha siri za ukaguzi na kupokea hongo. Ni udanganyifu wa kutisha, kwa sababu anayeibiwa kwanza ni mwanafunzi aliyelipa, na baada yake ni kila mgonjwa atakayelala mbele yake.

Lakini kugawa vyuo kuwa vya serikali vizuri na vya binafsi vibaya ni kujidanganya vilevile. Christian Medical College cha Vellore, kilichotokana na zahanati aliyoifungua Ida Scudder mwaka 1900, ni cha binafsi, ada yake ni ndogo, na mafunzo yake huheshimiwa nchi nzima. Wanafunzi wake wengi huingia kwa udhamini wa makanisa na kudaiwa miaka 2 ya kutumikia hospitali za pembezoni. St. John's cha Bangalore nacho ni cha kanisa na kina sifa. Manipal yenyewe, kwa bei yake yote, ina miaka zaidi ya 70 ya walimu na wagonjwa. Kwa upande mwingine, vyuo vingi vya serikali vilivyofunguliwa mbiombio katika miji midogo tangu mwaka 2014 vina majengo mapya na viti vya maprofesa visivyo na watu. Umri wa chuo, wingi wa wagonjwa wake na kudumu kwa walimu wake hueleza mengi kuliko jina la mmiliki.

Gharama nayo haiishii kwenye ada. Benki za India kwa kawaida huomba dhamana kwa mkopo wa masomo unaozidi rupia 750,000, kwa hiyo deni la chuo cha bei kubwa huwa limefungwa kwenye nyumba au shamba la wazazi. Riba ya asilimia 10 juu ya deni la rupia milioni 10 ni rupia milioni 1 kwa mwaka, zaidi ya 83,000 kwa mwezi, kabla deni lenyewe halijapungua hata kidogo. Daktari mpya asiye na shahada ya ubingwa, katika hospitali nyingi, halipwi kiasi hicho. Kwa hiyo hukimbilia ubingwa, ambako mwaka 2024 watu zaidi ya 200,000 waligombea nafasi zisizofika 80,000, na taaluma zinazotakiwa zaidi katika vyuo vya binafsi huuzwa kwa bei inayozidi hata ya shahada ya kwanza. Daktari mwenye deni kama hilo hatapangiwa kijijini akabaki. Atakwenda panapolipa, na si vigumu kuelewa kwa nini atavutwa kuagiza vipimo visivyohitajika.

Kiti cha bei nafuu kina deni la namna yake. Majimbo mengi huwafunga wahitimu kwa mkataba wa utumishi: Maharashtra, kwa mfano, hudai mwaka 1 wa kazi vijijini au faini ya rupia milioni 1. Mwaka 2022 wanafunzi wa Rohtak, jimbo la Haryana, waliandamana kwa majuma kadhaa wakipinga mkataba mzito zaidi. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, mwaka wa kazi kijijini ni bei ya haki kabisa, na kijana hujifunza humo mambo ambayo hakuna mhadhiri angemfundisha.

Njia ya tatu ni kwenda nje, Urusi, Georgia, Kirgizia au Ufilipino, ambako kozi nzima huweza kugharimu chini ya robo ya chuo cha binafsi cha India. Anayerudi hulazimika kufaulu mtihani wa FMGE, na miaka mingi walioufaulu hawakufika theluthi moja ya waliofanya. Wanafunzi wapatao 18,000 walioondolewa Ukraine mwaka 2022 walionyesha hatari nyingine: vyuo vya India havikuruhusiwa kisheria kuwapokea.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda India hukutana na mizani hiyohiyo, pamoja na jambo moja zaidi. Mgonjwa wa Vellore huzungumza Kitamil na wa Manipal huzungumza Kikannada au Kitulu. Mgeni asiyejifunza lugha ya wodi husikia maelezo ya ugonjwa kwa kupitia kinywa cha mwenzake, na nusu ya mafunzo hupotea hapo. Wahindi wa majimbo mengine nao hupata shida hiyo.

Jambo la busara kwa familia ni kuitembelea hospitali ya chuo bila kutangaza, siku ya kazi asubuhi, kuangalia foleni ya wagonjwa wa nje, kuhesabu vitanda vyenye watu katika wodi za tiba na za uzazi, na kuwauliza watarajali wanafanya nini kwa mikono yao na kama posho yao hulipwa. Kipimo cha haki zaidi kingekuwa mtihani mmoja wa kumalizia masomo kwa nchi nzima, ambao matokeo yake yangetangazwa chuo kwa chuo. Mtihani huo, NExT, umo katika sheria tangu mwaka 2019. Umeahirishwa mara kwa mara, na hadi mwaka 2025 ulikuwa haujafanyika.