Rovu la Ukoo na Mama Anayelaumiwa



Kaskazini ya mji wetu wa Malindi, kutoka Gongoni hadi Marereni, maji ya bahari hukaushwa juani yakawa chumvi, na chumvi hiyo hutiwa iodini kabla ya kupelekwa kila pembe ya Kenya. Sheria imelazimisha hivyo tangu miaka ya 1970, na kwa sababu hiyo rovu, ule uvimbe wa shingo, limepungua sana huko nyanda za juu lilikokuwa la kawaida. Nasi watu wa pwani, samaki mezani na chumvi mlangoni, tumejiaminisha kwamba maradhi haya hayatuhusu.

Lakini yako maradhi ya tezi ya thairoidi yasiyoondolewa na chumvi. Tezi hiyo, iliyo mbele ya koo kwa umbo la kipepeo, huchukua iodini katika damu na kuifanya homoni inayokuza mwili na akili ya mtoto. Takriban mtoto 1 katika kila 2,000 hadi 4,000 duniani huzaliwa akiwa na upungufu wa homoni hiyo. Aghalabu ni kwa kuwa tezi haikuumbika sawasawa, na hilo kwa kawaida halirithiwi. Kwa wachache tezi ipo mahali pake, ila haiwezi kuitumia iodini inayoipata. Hawa ndio wenye maradhi ya ukoo.

Katika suluhu za ndoa tumesikia zaidi ya mara moja mama akiambiwa kuwa ndiye aliyeingiza damu mbaya nyumbani. Maneno hayo ni dhulma. Urithi wa namna hii kwa kawaida huhitaji wawili: mtoto apokee jeni yenye kasoro kwa baba, na nyingine kwa mama, ilhali wazazi wote wawili ni wazima. Katika kila mimba yao, uwezekano ni 1 katika 4. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amemtwika mwenzake mzigo ambao nusu yake ni wake.

Wanandoa wakiwa mabinamu, huenda wote wameipokea jeni hiyo kwa babu mmoja. Ndoa ya mabinamu ni halali, na hatuna mamlaka ya kuharamisha kilichohalalishwa. Hata hivyo, wazee wanaochunguza nasaba na tabia kabla ya posa wana haki ya kuchunguza na afya. Waulize pia kuhusu viziwi. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Vaughan Pendred, aliandika kuhusu dada wawili wa nyumba moja, wote viziwi na wote wana rovu; jeni inayohusika ikatambuliwa mwaka 1997.

Sasa tumwangalie mtoto mchanga. Halii sana, na akilia sauti ni nzito. Hulala mno, hunyonya kivivu, hapati choo vizuri, manjano ya macho hayaishi, ulimi mkubwa, kitovu kimetokeza. Jirani humsifu kuwa mtoto mtulivu! Dawa ikianza katika wiki mbili za kwanza, aghalabu akili yake husalimika. Ikichelewa miezi, kilichopotea ni vigumu kurudi. Uingereza humchoma mtoto kisigino siku ya 5 wakapima tone la damu. Kwetu kipimo hicho si desturi ya kila hospitali, basi mzazi ndiye wa kukiomba, hasa nyumba iliyokwisha kupata mtoto mmoja mwenye maradhi haya. Akika ni siku ya 7. Damu na iwe imekwisha kupimwa.

Dawa ni kidonge cha levothiroksini kila siku, aghalabu maisha yote. Kwa mchanga husagwa katika maji kidogo au maziwa ya mama. Anayetaka kuandikiwa kombe na aandikiwe, ila kidonge kisiachwe.

Wakubwa hukimeza tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula, mbali na vidonge vya madini ya chuma. Ramadhani wengine hukimeza kabla ya daku, wengine wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya kula. Mwulize daktari wako mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama.