Sarafina Bila Askari Sabela

Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, haipiti huku kwetu bila Sarafina kuimbwa. Kuanzia Mikumi nilikokulia hadi Kilosa ninakofanya utume likizo hii, watoto wanazijua nyimbo zile hata kama Kizulu chenyewe hawakijui. Sasa vijana wa parokia wanaandaa igizo, na wazee wameshauri sehemu ya askari kuchomwa moto iondolewe, zibaki nyimbo. Nawaheshimu wazee wetu, lakini kwa hili naomba kutofautiana nao.

Wengi tunaijua Sarafina kama filamu tu. Kumbe ilizaliwa jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga, Hugh Masekela akashirikiana naye katika muziki, ikaonyeshwa Johannesburg mwaka 1987 na mwaka uliofuata ikafika Broadway, New York, ambako ilichezwa karibu mara 600. Filamu ilitoka mwaka 1992 chini ya mwongozaji Darrell Roodt. Leleti Khumalo, Sarafina wa jukwaani, alibaki kuwa Sarafina, na Whoopi Goldberg akaletwa kuwa mwalimu Mary Masombuka. (Ndiye yule yule aliyecheza mtawa wa bandia kwenye Sister Act mwaka huo huo, filamu ambayo mafrateri tunaikariri kuliko baadhi ya masomo yetu.)

Mpenzi wa jukwaa ana haki ya kulalamika filamu kama hii ikitengenezwa. Jukwaani kwaya nzima inakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti, na aliye mstari wa nyuma anaimba kwa uzito ule ule wa aliye mbele. Kamera huchagua uso mmoja, wengine wanageuka kuwa umati. Itazameni ile sehemu ya Baba Yetu pale shuleni: naipenda mno, lakini kila mara picha inapohamia kwa mtu mmoja nahisi nimenyang'anywa wale wengine. Yeyote aliyewahi kuimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kigango atanielewa.

Hata hivyo kamera ina jambo moja inaloliweza. Inatufanya tumwone askari Sabela, Mwafrika anayewatumikia makaburu, akifa mikononi mwa wanafunzi. Sarafina yumo miongoni mwao. Tulikuwa upande wao tangu mwanzo, tumeimba nao, na ghafla wameua mtu. Aliyecheza Sabela ni Ngema mwenyewe. Mtunzi wa Sarafina yenyewe, katika nafasi zote, alichukua ya mtu anayechomwa moto. Ukiondoa sehemu hiyo unabaki na watoto wazuri wanaocheza vizuri, na dhamiri ya Sarafina haina tena cha kuisumbua.

Wazee wanasema watoto wataogopa. Lakini ni mtoto gani wa huku ambaye hajasikia kelele za "mwizi!" na kuona watu wazima wakikimbia kutafuta tairi? Hilo wanaliona barabarani bila sisi kuwaandalia. Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa kwa kugawana sauti, sisi waamini ndio tunaopewa maneno ya umati unaodai Yesu asulubiwe. Sijasikia kamati yoyote ikiomba sehemu hiyo irukwe.

Wala hatuhitaji moto ukumbini. Aristotle anasema katika Poetics kwamba hofu inayotokana na mpangilio wa matukio ni bora kuliko inayotokana na kinachoonyeshwa machoni. Wagiriki walimtuma mjumbe aje kusimulia kifo. Kwa hiyo kwaya na inyamaze katikati ya wimbo, kijana mmoja aingie na kusema kilichotokea kwa Sabela, na waimbaji wote watutazame sisi tuliokaa. Hapo jukwaa litarudisha kile ambacho filamu ilikipoteza, na halitapoteza kile ambacho filamu ilikileta.

Niongeze jambo kwa wanaosema hii ni hadithi ya mbali. Mazimbu iko hapo Morogoro mjini. Serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge, wakajenga chuo cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao baada ya Soweto ya 1976. Chuo hicho kilikabidhiwa kwa Tanzania Julai 1992, mwaka ule ule wa filamu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wenzake Sarafina walio hai waliishi katika mkoa huu, na makaburi ya baadhi yao yapo pale pale.

Mazoezi yanaendelea kila Jumamosi baada ya Rozari. Wasichana watatu wanagombea kuwa Sarafina. Wa kucheza Sabela bado hajapatikana.