JICHO LENYE DAMU HALINGOJI KESHO



Wewe unayepiga nyundo katika atelye, wewe unayefanya kazi chini ya udongo, wewe wa karyeri na wewe wa usine: leo ninataka kuzungumza nawe juu ya jicho. Juu ya miwani ya kazi mmekwisha kusikia mara nyingi katika ukurasa huu, na neno lile ni kweli, uyavae. Lakini leo ninasema juu ya saa ile ambapo ajali imekwisha kutokea, na jicho limejaa giza.

Mimi ni munganga-msaidizi. Sikufika universite; nilisoma masomo ya ufundi wa uganga, kisha nikaingia kazini katika dispanseri. Nitakuelezea kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, ili mtu mwingine asilipe tena deni la namna hiyo.

Siku moja baba mmoja, fundi wa mashini, alifika kwangu mwisho wa kazi. Alikuwa akifungua buloni kubwa, ufunguo ukateleza ukampiga kwenye jicho la kuume. Hapakuwa na kidonda. Aliniambia: « Dokta, ninaona kama moshi, na nyuzi nyeusi zinaogelea ndani ya moshi ule. » Nikamulika taa. Mbele ya jicho palikuwa safi, lakini ndani hapakuonekana kitu, wekundu wa giza tu. Nikamwambia: « Baba, ni damu. Mwili utainywa pole pole. Rudi nyumbani, ulale ukiinua kichwa, uje tena kisha majuma matatu. »

Alitii. Aliporudi, moshi ulikuwa umepungua, lakini pazia jeusi lilikuwa limefunga nusu ya jicho. Nyuma ya damu ile ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka na kubanduka, na majuma matatu yote iliendelea kubanduka. Wanganga wa macho walimpasua, wakairudisha ngozi mahali pake. Lakini nguvu ya kusoma namba za mashini haikurudi. Na mashini ya ekografi ilikuwa katika nyumba ya uzazi, hatua chache kutoka mlango wangu. Sikuifikiria. Kwangu mimi, ekografi ilikuwa kitu cha kutazama mtoto tumboni.

Basi, neno langu leo ni hili: jicho lililojaa damu lisipelekwe nyumbani kungoja, kama hakuna aliyetazama nyuma ya damu ile. Na pale ambapo ekografi iko, jicho lina haki yake juu ya mashini hiyo kama tumbo la mama.

Juu ya nini taa haitoshi?

Jicho la mtu mzima ni kama mpira mdogo wenye urefu wa milimeta 24 hivi kutoka mbele mpaka nyuma. Ndani yake mna maji mazito kama ute wa yai, safi kabisa, kadiri ya mililita 4, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Nyuma kabisa kuna ngozi nyembamba inayopokea nuru. Wanganga wanaiita retina. Mshipa ukipasuka, damu inamwagika katika ute ule.

Wewe wa chini ya udongo unajua: kisha kulipua baruti, taa ya kofia yako haioni ukuta. Nuru inagonga mavumbi na kukurudia usoni. Taa ya munganga ni vile vile mbele ya damu. Lakini sauti inapita. Ekografi inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inagonga kila ukuta ndani ya jicho na kurudi, na mashini inageuza mwangwi ule kuwa picha.

Watu wa chuma hawatashangaa, maana kazi hii ilitoka kwao. Sauti ya namna hiyo ndiyo inayotafuta ufa ndani ya chuma kizima bila kukikata. Mwaka 1955 munganga Ian Donald wa Glasgow alikwenda katika kiwanda cha watengenezaji wa boila, akajaribu mashini yao ya kutafutia ufa juu ya uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1956 wanganga Mundt na Hughes wa Marekani waliandika juu ya kupima jicho kwa sauti, na mwaka 1958 Baum na Greenwood, wa Marekani pia, walionyesha picha yake. Kwa hiyo, jicho halikuja katika ekografi jana. Sisi ndio tuliolisahau.

Inafanywa namna gani?

Usiogope. Hakuna sindano, hakuna kukata. Unalala chali na kufunga macho. Munganga anapaka mafuta ya baridi juu ya kope, nayo mengi, ili chombo kielee juu yake bila kukandamiza jicho. Nguvu ya mashini inapunguzwa, kwa kuwa jicho si tumbo. Kisha anakuambia: tazama juu, tazama chini, kushoto, kuume, macho yakiwa yamefungwa. Dakika chache, basi.

Kutembeza jicho huko kuna maana kubwa. Damu mpya inaonekana kama vumbi la nukta ndogo, nayo inachezacheza jicho linapotembea. Damu ya siku nyingi inashikana na kuwa kama nyuzi na vitambaa. Lakini retina iliyobanduka ni mstari mnene unaong'aa, na upande wa nyuma umefungwa penye mshipa mkubwa wa jicho, kama kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Tukiuona mstari huo, mgonjwa halali kambini: anakwenda kwa munganga wa macho siku ile ile. Maana kama sehemu ya katikati ya retina haijabanduka bado, inaweza kuokolewa. Ikikwisha kubanduka, kila siku inayopita inapunguza bahati.

Mahali ambapo ekografi haifai

Sikilizeni vizuri hapa, ninyi pamoja na wenzangu wa dispanseri. Kama chuma kimepiga chuma na kipande kikaruka, kama jicho limetoboka, kama mboni imevutika kama tone, au maji yanatoka ndani: mtu asiweke chombo cho chote juu ya jicho hilo. Ukilikandamiza, vilivyo ndani vitatoka nje. Usichomoe kilichoingia. Usilioshe, usitie dawa. Funika kwa kikombe safi kinachokaa juu ya mifupa pembeni bila kugusa jicho, umpeleke mgonjwa hospitali mbio. Kule atachomwa sindano ya tetanosi na kupigwa foto ya radiografi au ya skaneri. Asipelekwe katika mashini ya IRM, maana ile ina sumaku kali, na sumaku itatembeza chuma ndani ya jicho.

Wa usine watauliza: na asidi je? Asidi ni jambo lingine. Asidi ikiingia, maji mengi pale pale, dakika 15 kwa uchache, nusu saa ni bora, kisha hospitali.

Wengine wananipinga

Mwenzangu mmoja aliniambia: « Sisi si wanganga wa macho. Tutasoma picha ile namna gani? » Ana haki kidogo. Chombo cha tumbo hakionyeshi jicho vizuri. Kunahitajiwa kile cha sauti ya juu zaidi, cha megahezi 7.5 mpaka 10 au kupita, na mtu aliyefundishwa kukishika. Na hata aliyefundishwa anaweza kupitwa na ufa mdogo. Kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kusahau: mgonjwa arudi kisha siku chache apimwe tena, mpaka munganga wa macho aone nyuma kwa taa yake. Lakini mimi ninajibu: hatuombi kuchukua kazi ya munganga wa macho. Tunaomba kujua nani aondoke leo na nani anaweza kungoja. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa 300 hivi. Mtu hafungi safari kama hiyo kwa kubahatisha, na mtu hapotezi jicho kwa kuogopa safari.

Kila mtu na kazi yake

Wewe mfanyakazi: ukipigwa jicho, ukiona moshi, nyuzi nyeusi, mimweko kama ya umeme au pazia linaloshuka, njoo siku ile ile, hata kama hakuna maumivu. Retina ikibanduka haiumi. Usitie maji ya majani wala maziwa ya mama. Usimeze aspirini, maana inazidisha damu kutoka. Lala ukiinua kichwa kwa mito. Na kama unajua kwamba una damu ya SS au ya AS, useme, kwa sababu damu ikijaa mbele ya jicho lako, mkazo wa ndani unaweza kupanda upesi.

Na usifikiri ni nyundo tu. Ugonjwa wa sukari unaweza kupasua mishipa ya jicho bila mtu kukugusa; ugonjwa wa SS vile vile. Bibi yako nyumbani akiamka na moshi katika jicho, mlete.

Wewe kapita, wewe shefu wa ekipi: usimwambie mtu « maliza kwanza posti yako ». Umwachilie, na uandike saa ya ajali.

Ninyi wakubwa wa hospitali: mtufundishe. Chombo cha jicho kiwekwe karibu na mashini iliyoko, na mlango wa nyumba ya uzazi ufunguliwe kwa fundi mwenye jicho jekundu.

Yule baba anafanya kazi bado, mahali pengine, kazi isiyohitaji macho mawili. Tunapokutana katika kambi ananisalimu bila uchungu. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Ndugu, buloni ikivunjika, magazini ina nyingine. Jicho likipotea, magazini haina. Uje leo, tutazame nyuma ya damu.