Wadruidi Hawakuwa Wachawi

Taja Wadruidi mbele ya vijana waliosoma, utapata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atasema walikuwa wachawi waliochoma watu wakiwa hai. Wa pili, aliyekutana nao kwenye filamu na gemu, atasema walikuwa wazee wa busara waliojenga Stonehenge na kuongea na miti. Yote mawili ni uzushi, ila la kwanza ni baya zaidi kwa sababu linajiita historia. Nimelisikia hata katika darasa la uzamili, na hakuna aliyeuliza: nani kasema?

Kasema Julius Caesar. Wadruidi walikuwa watu wa dini na elimu miongoni mwa Waselti wa Galia, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, na wa Uingereza na Ireland. Maelezo marefu kuliko yote tuliyonayo juu yao aliyaandika yeye katika miaka ya 50 KK, alipokuwa akiiteka Galia na akihitaji Roma iamini kwamba vita vyake ni vya haki. Humo ndimo zilimo zile sanamu kubwa za fito, zilizojazwa watu na kutiwa moto. Kesi ya nyani tumempelekea ngedere, kisha tunainukuu hukumu kama ushahidi.

Tena mtazame anavyochagua maneno. Cicero anamtaja Diviciacus, kiongozi wa kabila la Waedui, kuwa Mdruidi mwenye elimu ya maumbile. Huyo Diviciacus alikuwa mshirika wa Caesar, na Caesar anamtaja mara nyingi katika habari za vita vyake. Hamwiti Mdruidi hata mara moja.

Na Warumi waliokuwa wakishangaa makafara ya watu walikuwa nani? Mwaka 216 KK, baada ya kushindwa vibaya huko Cannae, waliwazika hai Wagalia wawili na Wagiriki wawili katikati ya jiji lao. Seneti ilipiga marufuku kafara ya binadamu mwaka 97 KK tu. Baada ya hapo watu waliendelea kuuawa viwanjani huku umati ukishangilia, ila jambo hilo liliitwa burudani.

Sisemi kwamba Waselti hawakuua mtu kwa ajili ya miungu. Mwaka 1984, katika kinamasi cha Lindow huko Cheshire, ulipatikana mwili wa mwanamume wa kale aliyepigwa kichwani, na wataalamu wengi wameona dalili za kafara. Huenda ni kweli. Lakini maiti haisemi nani alishika shoka, na jina la Mdruidi tumelibandika sisi.

Sasa chukua neno lenyewe, mchawi. Kwetu mchawi hudhuru wenzake kwa siri. Caesar huyohuyo anaeleza kwamba Wadruidi waliamua kesi za mauaji, mirathi na mipaka, na aliyekaidi uamuzi wao alitengwa na ibada na jamii. Walifundisha kwamba roho haifi, bali huhamia kwa mwingine. Walijadili mwendo wa nyota na ukubwa wa dunia. Mwanafunzi wao aliweza kukaa masomoni miaka 20 akihifadhi mashairi kwa moyo. Kazi hiyo ina harufu ya kadhi na mwalimu wa chuo, siyo ya mchawi.

Kinachoniudhi zaidi ni ile hoja kwamba hawakuandika kwa kuwa hawakuwa na elimu. Waliijua kalamu. Shughuli nyingine waliziandika kwa herufi za Kigiriki. Mafundisho yao ndiyo waliyakataza yasiandikwe, ili yasizagae na ili kumbukumbu isilegee. Uamuzi huo uliwagharimu. Mnamo mwaka 60 au 61 BK jeshi la Suetonius Paulinus lilivamia kisiwa cha Mona, leo Anglesey, na kukata misitu yao mitakatifu. Maktaba iliyo vichwani mwa watu huungua watu wanapouawa.

Pengo hilo ndilo wapenzi wao wa baadaye walilolijaza ndoto. Stonehenge ilianza kujengwa mnamo 3000 KK, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya maandishi yoyote kuwataja Wadruidi. William Stukeley ndiye aliyeieneza hadithi ya hekalu lao kwa kitabu chake cha 1740. Iolo Morganwg, aliyeongoza sherehe ya washairi huko Primrose Hill, London, mwaka 1792, alighushi hata hati za kale.

Basi aliyesoma asiseme tena “Wadruidi walichoma watu” akaishia hapo. Aseme “Caesar, aliyewateka, anadai.” Ni maneno machache ya kuongeza, na anayeona uvivu kuyaongeza asijiite mwanahistoria.