Kadi ya utalii Mwanza: mtalii wa kwanza awe mkazi wa Igoma

Wadau, kuna jambo nimekuwa nikilitafuna kichwani kwa muda, leo naona nilitoe. Kila nikikutana na mtu aliyerudi kutoka Ulaya, hadithi ya kadi haikosi. Eti unafika mjini, unanunua kadi moja, basi! Unapanda treni, tramu na mabasi bila kutoa senti nyingine, unaingia makumbusho hii na ile, na pengine hata safari ya boti imo humo humo. Akimaliza kusimulia anakutazama usoni na kukuuliza lile swali letu la siku zote: "Sisi tutafika lini?"

Mimi nasema Mwanza inaweza kuwa na kadi ya namna hiyo, na inaihitaji. Lakini tukiitengeneza kwa ajili ya mzungu anayeshuka uwanja wa ndege, itakufa kabla haijazoeleka. Wa kwanza kufikiriwa awe mtu wa Igoma, Buhongwa na Mabatini. Tena kwenye ziwa hili letu tiketi ina kazi kubwa kuliko kukusanya pesa. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Tuanze na kadi yenyewe, maana wengi tunaisifu bila kujua inavyofanya kazi. Chukua ile ya Amsterdam. Unanunua saa, si safari: saa 24, saa 48 na kuendelea. Ndani ya saa hizo unapanda usafiri wa mji, unaingia makumbusho nyingi, na unapewa safari moja ya boti kwenye mifereji. Inavutia, sivyo? Lakini nyumba aliyojificha Anne Frank, ambayo wageni wengi huitafuta kwanza, haimo. Tiketi yake unakata mwenyewe. Halafu ili kadi ilipe inabidi ukimbie. Asubuhi makumbusho mbili, mchana boti, jioni nyingine. Ukiamka saa nne na kukaa kwenye kahawa kutwa, umekula hasara. Muuzaji anajua wengi watachoka.

Sasa mgeni ananunua nini hasa? Punguzo ni sehemu ndogo. Anachonunua ni amani ya moyo. Anajua bei kabla hajatoka hotelini, hapigani kuhusu chenji, na hana wasiwasi kwamba ametajiwa bei yake kwa kuangaliwa rangi au lafudhi.

Na kuna hili ambalo wasimuliaji wetu hulisahau. Kadi zilizobadilisha miji mikubwa hazikuanzia kwa watalii. Octopus ya Hong Kong ilianza 1997, Oyster ya London ikaanza 2003, zote zikimlenga mtu anayewahi kazini asubuhi. Mtalii alikuta mlango uko wazi akaingia nao. Sisi tunapenda kuanzia mwisho: tunamjengea mgeni, halafu mwenyeji tunamwambia asubiri.

Haya, tuje Mwanza. Tuna nini cha kumwonyesha mtu?

Tuna Jiwe la Bismarck, ambalo halihitaji kadi ya mtu yeyote. Unasimama ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, unatazama, unapiga picha, unaondoka. Tuna Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, unayofika kwa dakika chache tu za boti. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa 2013, na jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa na makazi pale kisiwani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo, lakini utakuta pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala pala, mijusi ya rangi mbili na ndege wasiohesabika.

Tuna Bujora, pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma ilianzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, na mle ndani kuna ngoma za watemi na habari za Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya wacheza ngoma yanayoshindana kila msimu kwenye Bulabo. Tuna Kageye, kijiji cha ufukweni alikopiga kambi Stanley mwaka 1875 kabla ya kuzunguka ziwa kwa mashua. Tuna Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo la Kiswahili likachapwa 1980. Na tangu Juni 2025 tuna Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, ambalo watu wanakwenda kulitembelea kama wanavyokwenda harusini, wamevaa na kamera mkononi.

Si haba. Tatizo ni kuviunganisha.

Mwaka jana nilimtembeza jamaa yangu mmoja kutoka Nairobi. Siku mbili tu. Saanane tulilipa kwa kontrol namba, na vizuri, kwani raia wa Afrika Mashariki hulipa sawa na sisi, hivyo hakuna aliyeonewa. Daladala ya Kisesa, pesa taslimu. Bodaboda ya kupanda Bujora, bei ya maelewano, na maelewano yalikuwa marefu kuliko safari. Bujora kiingilio kingine. Kesho yake boti ya kukodi, na huko kila mwenye boti alikuwa na bei yake, tena ilibadilika alipomsikia mwenzangu akiongea Kiswahili cha Nairobi. Jioni jamaa akaniambia, "Mji wenu mzuri, ila kila baada ya nusu saa mnauliza pesa." Nilicheka, lakini iliniuma.

Halafu tunashangaa kwa nini watalii wengi wanatua Mwanza asubuhi na mchana wameshapita lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Serengeti ina mtu anayewapangia kila kitu na bei moja. Mwanza wangelazimika kuuliza.

Ila mgeni siye anayeninyima usingizi. Ninayemfikiria ni mtoto wa Mabatini. Anaishi kwenye mawe kule mlimani, Saanane anaiona mchana na usiku, lakini hajawahi kukanyaga. Waulizeni vijana mliosoma nao. Wangapi wamefika Saanane nje ya ile safari moja ya shule? Wangapi wameingia Bujora? Mimi nikiuliza, jibu ni lile lile: "Aah, kule si kwa watalii?" Kumbe neno mtalii tumeshaligawa, tukalipa rangi na pochi. Msukuma anayetaka kuona ngoma ya babu yake anaonekana kama amepotea njia!

Sasa wenye kupinga watasema: kadi kwenye daladala? Bongo hii? Nawaelewa, na hoja yao si ya kipuuzi. Majirani zetu wamejaribu. Nairobi ilipata BebaPay mwaka 2013, kampuni ya Google ikishirikiana na benki ya Equity. Pesa ilikuwepo, teknolojia ilikuwepo, na mwaka 2015 ikafungwa. Kwa nini? Kwa sababu matatu, kama daladala, huendeshwa kwa pesa ya mkononi. Dereva na konda wana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na kinachobaki ndicho chakula chao. Wapiga debe wanalipwa pale pale. Mafuta yananunuliwa pale pale. Ukimwambia konda kwamba nauli zote ziende kwanza kwenye akaunti ya tajiri, umemwambia leo alale njaa. Atasema mashine mbovu, na mashine itakuwa mbovu kweli.

Kigali imefanikiwa na kadi yake ya Tap&Go, lakini kule njia za mabasi zilishagawiwa kwa kampuni chache zenye mikataba na serikali, na konda akaondoka kwenye picha. Walipanga usafiri kwanza, kadi ikafuata. Anayetaka kubandika mashine kwenye Hiace ya Igoma bila kugusa hesabu ya tajiri anapoteza pesa za umma.

Kwa hiyo mimi nasema daladala tuiache kwanza. Tuanzie kwenye milango ambayo tayari ina tiketi: boti ya Saanane, Bujora, na vivuko na meli za ziwani. Hata hapa nchini mfano upo. Dar es Salaam, N-Card imetumika kuingilia Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuvukia Kigamboni. Kadi moja, mpira na pantoni! Aliyeweza kuunganisha hivyo viwili atashindwaje kuunganisha pimbi wa Saanane na kivuko cha Ukerewe?

Na hapa ndipo nilipoahidi kufika.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza. Idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Meli ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, na la tatu halikuwa na orodha kabisa. Someni tena hapo. Watu wa daraja la tatu hawakuwa na karatasi iliyosema walikuwemo. Makaburi yao mengi yapo Igoma, na tunayapita kwa daladala tukielekea Kisesa.

Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, na 41 wakaokolewa. Jumlisheni wenyewe. Siku ile tulikaa kwenye redio tukisikiliza idadi ikipanda, na hakuna aliyeweza kutuambia itakomea wapi, kwa sababu hakuna aliyejua walipanda wangapi.

Ndiyo maana nasema tiketi ya ziwani ni kitu kingine. Kadi inayoguswa getini, iliyosajiliwa kwa jina, inahesabu watu. Ikifika 101, geti linafunga. Haijali kama wewe ni ndugu wa nahodha, na haipokei elfu mbili ya pembeni. Sisemi kadi peke yake ingezuia misiba ile. Vyombo vinapinduka kwa mengi, mzigo ukiwemo, na geti linaweza kurukwa pia kama msimamizi ameamua kufumba macho. Lakini angalau ingetulazimisha kujua. Amsterdam kadi inamwokolea mgeni muda na pesa. Hapa inaweza kumwokoa mama anayetoka gulioni na dagaa wake asiingie kwenye chombo kilichojaa, au angalau jina lake liandikwe mahali.

Mnaona sasa kwa nini sitaki ianzie kwa mtalii? Tukiianzia huko itapewa rangi nzuri, picha ya machweo, itauzwa kwa dola kwenye hoteli za Capri Point, na kivukoni Ukara watu wataendelea kupanda kwa kusukumana. Tukiianzia kwa abiria wa kila siku, mtalii atafaidi bila kuulizwa. Atapanda kivuko kilichohesabiwa. Atajua nauli. Atafika Bujora na kukuta wenyeji humo ndani, na ngoma inayochezwa kwa wenye nayo ni tamu kuliko ile ya kumfurahisha mpita njia.

Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya jiji, ningependekeza haya machache. Kadi iuzwe kwa wakala wa pesa ya simu mtaani, shilingi kwa shilingi, bila fomu za kurasa tatu. Kwa wakazi, kila safari kumi za kivuko zizae kiingilio kimoja cha bure, Saanane au Bujora, mtu achague. Wanafunzi waingie kwa nusu mwaka mzima, si siku ya maonyesho tu. Bei za boti za kukodi zibandikwe gatini kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa maandishi ambayo bibi anaweza kuyasoma bila miwani. Hilo halihitaji hata kadi, linahitaji rangi na brashi. Na idadi ya abiria kwenye kila chombo ionekane kwenye ubao, nje, kila mtu aione kabla ya kupanda.

Hilo la mwisho ndilo ningelipigania kuliko yote. Mengine yakichelewa tutavumilia, tumezoea. Mgeni akikosa punguzo atarudi kwao na kusimulia kwamba Mwanza ni ghali kidogo. Mwenyeji akikosa kuhesabiwa, tumeshaona Igoma na Ukara kinachofuata.

Naomba kuwasilisha.